Re: Jazi ya laivu, naanzia wapi?

Mdogo wangu wa Moshi, umesema rekodi za laivu za jazi za siku hizi unaona kama kelele tu na hujui uanzie wapi. Usikate tamaa aisee, anza na bendi ya Snarky Puppy, albamu yao We Like It Here, walirekodi Uholanzi mjini Utrecht 2013, mashabiki wamekaa katikati ya bendi kabisa wamevaa hedifoni, na video zipo, yani angalia kwanza video ndo usikilize. Kwenye wimbo wa Lingus subiri solo ya kinanda ya Cory Henry, mwangalie na mpiga drams anavyomfuata huku uso umemjaa mshangao, hapo ndo utaelewa kwamba lile linatokea palepale, hawajakariri.

Ukizoea nenda albamu Live in Hamburg ya Esbjörn Svensson Trio, watu watatu tu, kinanda, besi na drams, imetulia zaidi.

Ila achana na kaspika ka simu, besi yote inapotea. Mi huku Kijenge nasubiri usiku bodaboda zikishapungua, navaa hedifoni, nafuata besi peke yake mpaka mwisho, narudia tena nafuata drams. Jaribu hivo wiki moja alafu uniambie.