Sauti Ikikukauka Wiki Tatu, Weka Peremende Chini

Nauza mitumba soko la Gikomba, Nairobi, na kwa zaidi ya miaka 20 spika yangu ilikuwa koo langu. "Hamsini hamsini, chagua uchague!" kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Sauti ilipokauka sikushtuka. Vumbi la Gikomba nalijua. Sigara sikuihesabu kabisa.

Kemisti wa karibu alinipa antibayotiki, zikaisha, akanipa nyingine. Zikafuata tangawizi na asali za mama watoto, kisha peremende za koo mfuko mzima. Miezi minne ikapita. Sikuwa na maumivu hata kidogo, na kutouma huko ndiko kulikonidanganya. Uvimbe mdogo tu ukikaa kwenye nyuzi za sauti, sauti hubadilika, kwa hiyo saratani inayoanzia hapo hujitangaza mapema kuliko nyingi. Yangu ilikuwa ikipiga kelele, nami naipa peremende.

Basi sauti ikikukauka zaidi ya wiki tatu, hasa kama unavuta sigara au unakunywa sana, mwone daktari wa masikio, pua na koo. Kemisti hana kamera. Mimi nilipitishiwa mrija mwembamba puani, dakika chache, machozi kidogo, nikajionea kwenye skrini: nyuzi mbili nyeupe, na mmoja una kitu kama punje ya wali ukingoni. Kipande kilikatwa kikapelekwa maabara. Jibu likaja: saratani, hatua ya kwanza, na uzi bado unatembea. Hayo maneno ya mwisho sikuyatilia maanani siku ile, kumbe ndiyo yaliyoniokoa. Uzi ukishakwama, au gegedu la koromeo likishaliwa, mara nyingi leza, yaani mwale wa mwanga unaokata nyama, haitoshi, na unaweza kuambiwa koromeo lote, yaani kisanduku cha sauti, litolewe, upumulie tundu la shingoni.

Nilipewa njia mbili: mionzi, siku tano kwa wiki kwa wiki kama sita, au leza. Kwa saratani changa zote mbili huponya wengi. Uliza swali nililouliza mimi: ikirudi, tutafanya nini? Daktari akanieleza kwamba mahali palipopigwa mionzi kwa kawaida hapapigwi tena, lakini leza inaweza kurudiwa, na mionzi ikabaki akiba. Nikachagua leza. Mwenzangu wodini alichagua mionzi kwa kuogopa kupoteza sauti, maana leza ikikata kwa kina sauti hubaki na mkwaruzo. Simlaumu. Ila ulizia gharama na bima mapema, na ujue si kila hospitali ina mashine ya leza.

Nilidhani leza ni kitu cha juzi. Kumbe madaktari Strong na Jako wa Boston waliandika kuhusu leza ya kaboni dioksidi kwenye koromeo tangu 1972. Mwale wake hauonekani kwa macho, hivyo huongozwa na taa nyekundu, na daktari hulenga akitazama kwa hadubini. Maji yaliyomo kwenye nyama hufyonza nguvu yake, nyama inakatika na damu inatoka kidogo tu. Shingoni sikuchanjwa popote, kila kitu kilipitia mdomoni nikiwa nusukaputi. Kilichonitisha ni kusikia kwamba leza na oksijeni vikikutana vinaweza kuwasha moto kooni, ndiyo maana hutumia mrija maalumu wa kupumulia na kukufunika uso kwa vitambaa vilivyoloa. Kama una jino linalocheza, sema kabla hujalazwa, kwa sababu chombo cha chuma wanachopitisha mdomoni hulala juu ya meno. Mimi niliamka na ulimi mzito tu, ncha yake ikafa ganzi siku kadhaa.

Kisha kimya, wiki nzima. Wala usinong'one, kunong'ona nako kunachosha nyuzi. Niliandika bei kwenye kadibodi, mama mmoja akadhani mimi ni kiziwi, akaanza kunipigia kelele, "BABA, HII NI NGAPI?" Nikacheka bila sauti mpaka mbavu zikauma.

Sigara niliiacha siku ya kulazwa. Kliniki naenda kila walivyonipangia, kamera puani, machozi yaleyale. Sauti imerudi nzito kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Kunadi nimeachia kispika kilichorekodiwa sauti ya binti yangu, na wateja wanasema kinauza kuliko mimi.