Nyumba Inapokarabatiwa na Wewe Umo Ndani

Dada mmoja anayesoma makala zangu ameniandikia wiki hii. Jiko lake limebomolewa, fundi hapokei simu, na yeye na mumewe wanajibizana kwa mkato kama watu wasiofahamiana. Anauliza kama ni kawaida, au yeye ndiye dhaifu.

Dada yangu, wewe si dhaifu. Vumbi linachosha na kelele zinachosha, lakini kinachomvunja mtu ni kutojua. Unaamka hujui nani anakuja, atafanya nini, wala kazi itaisha lini. Nayajua haya kwa sababu nimeyapitia.

Sisi tulikarabati jiko, bafu na sakafu ya sebule tukiishi humo humo na watoto. Fundi wa kwanza tuliletewa na ndugu wa karibu. Tuliikagua kazi yake kwenye nyumba nyingine kabla ya kukubaliana, na ilikuwa nzuri. Akachukua kianzio, akabomoa kwa kasi, kifusi kikajaa uani, kisha zikaanza danadana: mara anaumwa, mara ana msiba, mara vifaa havijafika. Mwishowe akaingia mitini. Hadi leo tukikutana njiani hunisalimia kwa bashasha kana kwamba hakuna kilichotokea. Naitikia, lakini moyo bado unauma. Watoto wangu walikohoa usiku kucha kwa vumbi aliloliacha.

Aliyemalizia kazi alikuwa mzee wa maneno machache, na ndiye aliyenirudishia usingizi. Kila jioni kabla ya kuondoka alituambia kesho kuna kazi gani. Kama hakuna, alisema hakuna, na sababu yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sehemu kubwa ya ukarabati ni kusubiri vitu vikauke au vikomae. Zege jipya linatakiwa limwagiliwe maji au lifunikwe lisipoteze unyevu kwa siku 7 hivi, na nguvu yake kamili huhesabiwa kwa siku 28. Tabaka la saruji na mchanga la kusawazisha sakafu, kwa makadirio ya mafundi wengi, hukauka milimita 1 kwa siku hadi unene wa milimita 50. Likizidi hapo huchelewa zaidi. Ukibandika mbao juu ya sakafu mbichi, zitavimba.

Bafuni ndiko tulikogombana zaidi. Dawa ya kuzuia maji ilishapakwa na kukauka, na mume wangu akataka vigae vibandikwe siku ile ile. Mzee akakataa. Akaziba tundu la kutolea maji, akajaza maji sakafuni, akasema yakae saa 24. Kesho yake kina hakikuwa kimepungua na dari ya chini ilikuwa kavu. Mume wangu alimshika mkono. Bafu lile halijavuja hata tone, na ninajivunia kila ninapoliingia.

Kwa hiyo, wewe unayesoma haya nyumba yako ikiwa wazi, mwulize fundi swali hili kila siku: kazi inayofuata inasubiri nini? Andika jibu kwenye karatasi, bandika ukutani, kila aliyemo ndani alione. Ukijua kwamba kimya cha wiki hii ni cha plasta kukauka, utalala. Usipojua, utadhani umeibiwa, na hasira utammalizia mwenzako. Waswahili husema ngojangoja huumiza matumbo, lakini inaumiza zaidi ukiwa hujui unangoja nini.

Wekeni pia chumba kimoja kisichoingia ndoo, koleo wala mazungumzo ya vigae. Sisi tulichagua chumba cha watoto, tukaziba mlango kwa nailoni. Watoto wakishalala, hakuna aliyeruhusiwa kutaja rangi wala hela. Ndoa yetu iliponea hapo.

Vumbi msilivumilie kwa aibu ya kumkera fundi. Vigae na zege vikikatwa vikavu hutoa vumbi la silika, yaani madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe, nalo huingia ndani kabisa ya mapafu. Dai vikatwe nje kwa mashine inayotumia maji. Rangi ya zamani isikwanguliwe kavu: Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye madini ya risasi mwaka 1978, na kuta kuukuu popote pale huenda bado zinayo. Watoto ndio huumia zaidi.

Hela itoke kwa hatua, kila hatua ikishakaguliwa, na kiasi fulani kibaki mkononi mwako hadi kasoro zote zirekebishwe. Tenga asilimia 10 hadi 20 juu ya makadirio, maana ukuta ukifunguliwa hutoa yaliyofichwa: bomba lililooza, waya ulioungua. Na tena nasema, andika. Fundi mwema hakasiriki ukiandika.

Wewe dada uliyeniandikia, mtumie fundi wako ujumbe leo, umpe tarehe ya mwisho ya kukujibu. Siku hiyo ikipita kimya, piga picha jiko lilivyo, orodhesha vifaa vyote vilivyobaki na risiti zake, kisha mwite fundi mwingine akadirie kazi iliyobaki. Usimpe hata shilingi kabla hajakuandikia ataanza na nini, na hatua hiyo itachukua siku ngapi kukauka.