Utelezi wa getini huanzia kwenye paa

Wanaoishi nchi za baridi humwaga chumvi mbele ya nyumba ili barafu isigande, kwa kuwa maji ya chumvi yanahitaji baridi kali zaidi ndipo yagande. Sisi Uganda chumvi tunayo, ya ziwa la Katwe, ila barafu yetu imekaa zake huko juu milima ya Rwenzori na haijawahi kuzuia gari la mtu. Kinachotuangusha Kampala ni tope la Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, hasa tuliojenga vilimani.

Usikimbilie kuagiza marram, ule udongo wenye changarawe wa kumwaga njiani. Mtaani kwetu kila msimu lori huja, marram inamwagwa, inasambazwa kwa jembe, na baada ya mvua chache yote imeteremkia barabarani. Udongo wa mfinyanzi uliomo ndio unaoshikanisha changarawe, lakini ukizidi, au usiposhindiliwa, ukilowa unateleza vibaya kuliko ardhi uliyokuwa unaifunika. Hela imekwenda na gari bado linaserereka.

Anza na maji. Mvua ikinyesha vaa gambuti, toka nje, uangalie yanatoka wapi. Kwangu mengi yalikuwa yakishuka kutoka kwenye paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 20 linamwaga lita 2,000, na zote zinatafuta geti. Nilifunga gata, nikaweka tangi, na yanayofurika nikayapitisha kwa bomba hadi mfereji wa pembeni. Kabla sijagusa njia yenyewe, tope lilikuwa limeshapungua.

Njia nayo iwe na mgongo katikati, ishuke kama sentimita tano kwa kila mita kuelekea pembeni. Kwenye mteremko mkali, chimba mfereji unaokatiza njia juu ya geti, uufunike kwa chuma chenye matundu. Na kalvati ya getini izibue kabla ya msimu. Utashangaa kavera (mifuko ya plastiki) na chupa zilizomo.

Ukiwa na uwezo wa zege, simama na fundi siku ya kumwaga. Asilipige nili, yaani asililainishe likateleza! Kabla halijakauka apitishe ufagio mgumu kukata upana wa njia, ubaki na mikwaruzo ya kushika tairi. Kivulini chini ya mwembe au mfenesi ukoga wa kijani utaota tu. Punguza matawi jua lipite, kisha usugue kwa brashi na jiki iliyozimuliwa kwa maji. Jiki hiyo usiichanganye na dawa ya choo, inatoa hewa ya sumu.

Mpaka kazi hiyo iishe, mwambie wa boda akushushe barabarani. Mlango utaufikia kwa miguu.