Kaka kachaguliwa na ukoo, sasa anauza nyumba

Swali: Baba amefariki. Ukoo ulikaa Hombolo ukamchagua kaka asimamie mirathi. Mahakamani hajafika, ila ameshaleta mnunuzi wa nyumba ya Kizota anamokaa mama. Anadai yeye ndiye mrithi mkuu. Nifanyeje?

Pole sana kwa msiba, mwanangu. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu. Anayemteua msimamizi ni mahakama, na hata akishateuliwa mali haiwi yake: anaikusanya, analipa madeni, anawagawia warithi. Nyumba yenye hati akiiuza leo, mnunuzi atakwama kwa Msajili wa Hati, maana jina lililopo ni la marehemu. Ni lazima kwanza aandikishwe msimamizi, kwa Fomu namba 4 ya mahakama, yaani barua ya uteuzi wake, kama shauri ni la Mahakama ya Mwanzo. Mweleze mnunuzi hayo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, halafu upeleke maombi ya zuio kwa Msajili.

Msimsubiri kaka. Hata wewe au mama mnaweza kuomba usimamizi. Chukueni cheti cha kifo RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mlinganishe majina herufi kwa herufi na hati pamoja na kumbukumbu za benki. Jina la kati likiwa kifupi huku na kirefu kule, mtarudishwa. Apeni kiapo cha majina mapema. Karatasi za kiwanja zikiwa za enzi za CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyovunjwa 2017, ulizeni ofisi ya ardhi ya Jiji la Dodoma kumbukumbu zao zinasomaje.

Ombeni na nakala ya muhtasari wa kikao. Uwe na tarehe, mali zote, warithi wote na sahihi zao. Mkimficha mtoto wa nje ya ndoa, mjue pingamizi linakuja.

Kama baba aliishi kimila au alikuwa Mwislamu, nendeni Mahakama ya Mwanzo mkajaze Fomu namba 1. La sivyo, kaulizeni kwanza Mahakama ya Wilaya shauri lenu lifunguliwe mahakama ipi. Hapa msibahatishe: mahakama isiyo na mamlaka ikiteua, uteuzi hufutwa hata baada ya miaka. Na mkikuta kaka ameshafungua shauri, wekeni pingamizi kabla hajateuliwa.

Yeyote atakayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi 4 kuwasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu namba 5. Asipofanya hivyo, ombeni mahakama imwite ajieleze.

Kwa sasa mama asihame, wala asiweke dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa.