Maswali na majibu: Mchoro wako haupitii WhatsApp

Nimepiga picha mchoro wangu kwa simu, nimekutumia WhatsApp. Unaweza kunichapia nakala ya ukubwa wa A2? (Mwanza)

Hapana. Swali hili limeletwa mara tatu mwezi huu na jibu ni lile lile. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, upande mrefu ukabaki na pikseli (nukta zinazounda picha) kama 1,600. Nakala ya kutazamwa kwa karibu tunaihesabia pikseli 300 kwa inchi, kwa hiyo hapo umepata sentimita 13 na nusu. Urefu wa A2 ni sentimita 59.4, yaani pikseli 7,016. Zinazokosekana zitabuniwa na kompyuta, na mteja atakuwa amenunua kazi ambayo hukuichora. Tuma faili nzima kama dokumenti, au ilete kwenye flashi.

Nachora Tingatinga, rangi ya mafuta juu ya ubao. Kila nikipiga picha, mwanga unaacha mabaka meupe. (Dar es Salaam)

Asante kwa kuuliza kabla ya kwenda kuchapa. Rangi hizo, zile zile alizozitumia Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, zikikauka huwa kama kioo: huonyesha kila kilicho mbele yake, dirisha, taa, hata shati lako jeupe. Kwanza zima taa ya kamera. Simamisha ubao wima, kamera iwe kwenye stendi, lenzi ielekee katikati kabisa ya mchoro. Ikiinama kidogo tu, pembe za mchoro hazitakaa sawa. Tafuta taa mbili za aina moja, uziweke kulia na kushoto kwa nyuzi 45, kisha funga pazia na uzime tyubulaiti ya darini, maana mianga miwili tofauti ikichanganyika, rangi hazitasahihishika vizuri. Nyuma ya kamera tundika kitambaa cheusi. Mabaka yakibaki, weka karatasi ya polaraizi, yaani ya kuchuja mng'ao, mbele ya kila taa na filta yake kwenye lenzi, uizungushe mpaka mng'ao upotee. Weka ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, hifadhi faili ya RAW, yaani ghafi isiyobanwa na kamera, na picha ya kwanza iwe na kadi ya kijivu ya kusahihishia rangi. Kama huna taa, toka nje ukapige kivulini, si juani.

Na fanya hivyo mchoro ukiwa bado wako. Inaniuma kuwaona wachoraji hodari ambao kazi yao bora imeshaondoka na mtalii, wakabaki na picha moja ya simu yenye kivuli cha kichwa chao.

Mchoro niliuuza 2019. Naruhusiwa kuchapa nakala zake? (Arusha)

Ndiyo, kama hukuandika popote kwamba umeuza na hakimiliki. Aliyenunua turubai amenunua turubai. Haki ya kunakili imebaki kwako chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kazi ya kuagizwa ina kanuni zake, kwa hiyo soma kwanza mlichoandikiana. Na kama ulimwahidi mnunuzi kwamba mchoro huo hautakuwa na mwenzake, mtafute umwombe ridhaa kabla hujachapa hata karatasi moja.

Nimemchora simba kutoka picha ya intaneti. Naweza kuuza nakala? (Nakuru)

Bila ruhusa ya mpiga picha, usiuze.

Nilitangaza nakala 30 zenye namba na sahihi. Zimekwisha. Niongeze 20? (Nairobi)

Usiongeze. Aliyelipia 7/30, yaani nakala ya saba kati ya 30, amelipia ile 30 kama alivyolipia karatasi. Wapo wanaopunguza ukubwa kidogo na kuliita toleo jipya. Kama hukutangaza matoleo mawili tangu mwanzo, huo ni udanganyifu. Nakala za msanii nazo, zinazoandikwa A/P, ziwe chache, kama moja kwa kila kumi, na uzitaje mapema. Weka daftari: namba, tarehe, jina la mnunuzi. Hitaji likiwa kubwa, chora kazi nyingine.

Jiklee ni nini? (Kampala)

Ni nakala ya printa ya wino wa kunyunyiza, basi. Jina hilo lilibuniwa 1991 na Jack Duganne, mchapaji wa Marekani. Halithibitishi ubora wowote.

Steshenari ya jirani inatoa A3 kwenye karatasi ya kung'aa kwa bei nafuu. Kuna ubaya? (Tanga)

Uliza wino kwanza. Wino wa pigmenti, wenye chembe ndogo za rangi, hukaa miaka mingi. Wino wa dai (dye), wenye rangi iliyoyeyushwa, hupauka upesi. Karatasi iwe ya pamba, isiyo na asidi, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Usikubali maneno matupu: omba kipande cha majaribio, funika nusu kwa kadibodi nene, kibandike dirishani panapopiga jua, ukifunue baada ya mwezi. Mimi sikufanya hivyo zamani, nikamuuzia mama mmoja machweo ambayo wekundu wake ulikwisha kabla ya mwaka. Nilimrudishia fedha, lakini hakununua tena kwangu.

Kioo cha fremu kimeshikana na nakala yangu. Nifanyeje? (Zanzibar)

Usiivute, utang'oa wino pamoja na karatasi. Mpelekee fundi wa kuhifadhi kazi za karatasi, ingawa mara nyingi haiokoki. Kwa zilizobaki, acha nafasi ya kadibodi isiyo na asidi kati ya karatasi na kioo, milimita 2 au zaidi, na usizitundike kwenye ukuta unaotoka chumvi.