Ukiamua kutazama Beasts of No Nation, jipange hivi

Filamu hii ya Cary Joji Fukunaga ilitoka mwaka 2015, na imetokana na riwaya ya Uzodinma Iweala ya mwaka 2005. Agu ni mtoto katika nchi ya Afrika Magharibi isiyotajwa jina. Vita vinamtenga na familia yake, kisha waasi wanamkuta msituni na kumfanya askari. Wengi hujiandaa kwa damu. Damu ipo, lakini kinachoganda kichwani ni kwamba unampenda mtoto huyu kabla hajashika panga, na akishalishika huwezi kumwacha.

Pakua filamu mapema. Bando likikata katikati, picha inaweza kukwama palepale panga lilipo, nawe ukabaki unaikodolea macho. Ina dakika 137: ukianza saa nane kamili mchana, saa kumi na dakika 17 umemaliza na jua bado lipo. Usiku wa manane usijaribu. Tumia televisheni, si simu na spika za masikioni, maana Agu mwenyewe ndiye msimulizi na sauti yake ikikaa ndani ya sikio haitoki haraka. Washa maandishi ya chini: Kiingereza kinachozungumzwa humo ni cha kimtaani, na kuna maneno ya Kitwi, kwani filamu ilipigwa Ghana.

Watoto wasiwe sebuleni. Mwanzo wake unadanganya: watoto wanacheka, wanatembeza fremu ya televisheni isiyo na kioo na kuigiza vipindi ndani yake ili wapate chakula kwa wanajeshi wa kulinda amani. Mzazi akiona hayo anadhani ni filamu ya kifamilia.

Kuna sehemu tatu za kuzijua kabla. Ya kwanza ni darajani, ambako Kamanda, kiongozi wa waasi hao anayeigizwa na Idris Elba, anampa Agu panga amuue mtu asiye na silaha anayemsihi. Usiiruke, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini mwishoni Agu ananyamaza kwanza kabla ya kusema. Punguza sauti tu; nusu ya ukali wake iko kwenye sauti. Ya pili ni usiku, Kamanda anapomwita Agu chumbani peke yake. Kinachofuata ni unyanyasaji wa kingono. Kamera haikionyeshi, lakini maana iko wazi. Aliyewahi kutendewa hivyo apeleke mbele mara tu Agu anapoitwa. Hatapotea, kwani Strika, rafiki wa Agu asiyesema, anapomkuta baadaye tukio zima linaeleweka. Ya tatu, kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni ndani ya nyumba ambamo Agu anamkumbatia mwanamke akidhani ni mama yake. Hapo simamisha, kunywa maji, kisha uamue kama unaendelea.

Majani ya msitu yakigeuka mekundu, usihangaike na rimoti. Televisheni haijaharibika, ni dawa za kulevya walizopewa watoto.

Ukitaka kuigawa mara mbili, kata kabla ya daraja, Agu akiwa bado mafunzoni. Anayekata baada ya daraja hulala na tukio hilo, na wengi wa aina hiyo hawarudi tena. Hapo wanakosa sehemu ya ufukweni, kituo cha kuwatunza watoto, na maneno ya Agu kwa mwanamke anayemsikiliza, ambayo ndiyo yanayobeba filamu nzima.

Mtazamaji wa Goma au Bujumbura huenda aliwahi kuishi karibu na hali hii. Huko Kongo mtoto askari ana jina lake, kadogo. Usimwalike mtu bila kumwambia kilichomo.

Ikiisha, zima mpangilio unaoanzisha video inayofuata wenyewe, la sivyo tangazo la filamu nyingine litakurukia kabla hujapumua. Usifungue taarifa za habari. Pika, au tembea na uliyetazama naye, na muulizane: Agu akihamia jirani, mtoto wako atacheza naye? Picha zikiendelea kukukatia usingizi kwa wiki kadhaa, mwone mshauri nasaha.

Kitabu kisome baadaye, si wiki hiyohiyo. Ni kifupi, lakini kinaanza Agu akiwa tayari mikononi mwa askari. Familia yake unaijua kwa kumbukumbu zake tu, na humo hakuna kitufe cha kupunguza sauti.