Jibu: Miaka 2 nyumbani, niiseme kwenye usaili?

Mdogo wangu, umeuliza kama uifiche ile miaka 2 ya kukaa bila ajira. Usiifiche. Mimi nilipunguzwa kazini nikakaa miezi 14. Usaili wa kwanza nikababaisha eti "nilikuwa na shughuli binafsi". Yule mama upande wa pili wa meza akavua miwani: "Shughuli gani?" Nikakosa jibu, ikaishia hapo.

Uliofuata nilisema ukweli, kwamba nilikuwa nawatunzia hesabu wauza mitumba watatu pale soko la Karume, Dar. Kaunta buku yenyewe nilienda nayo, imechakaa, ina madoa ya chai. Waliifungua ukurasa kwa ukurasa. Nikapata.

Sasa wewe umesema unachomelea mageti kwa mjomba wako. Hiyo si "kukaa bure"! VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani: wanakupima kwa vitendo, ukifaulu unapewa cheti. Nenda chuo chao kilicho karibu ukaulize ratiba.

Ajira Portal, ile tovuti ya kuombea kazi za serikali, jisajili, pandisha vyeti, halafu endelea na mambo yako. Usikae unaikodolea macho kila asubuhi. Mkopo wa halmashauri (katika ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, vijana wana 4) hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo usijiunge na watu unaowajua kwa WhatsApp tu. Wakitoroka, deni linabaki nanyi mliobaki.

Na kila geti lipige picha kabla halijapakwa rangi, paonekane ulivyounga.